Kupanda Butembo au Kushuka Beni? Neno kwa Jamaa Zinazohama

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na makao ya serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini yakahamishiwa Beni kwa muda. Nyuma ya wakubwa wakafuata makarani, nyuma ya makarani wakafuata walimu na wachuuzi, na pamoja nao jamaa nyingi zisizokuwa na ofisi ya kufuata, bali zilitafuta tu mahali pa kulala kwa amani. Wengine walikuwa wamekwisha kutangulia tangu Juni 2024, Kanyabayonga ilipotwaliwa. Wengine, kwa kuwa barabara ya Rutshuru ilifungwa, walizunguka kwa njia ya Uganda wakaingilia Kasindi. Tena upo msafara mwingine ulio mzee kuliko huu: tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika vijiji vya Beni, watu wa nchi ya chini wamekuwa wakipanda Butembo na mafurushi yao vichwani.

Kila baba na mama katika misafara hiyo hujiuliza swali moja: Tukae wapi? Nao hulijibu upesi kwa mambo mawili: wapi tunaye ndugu, na wapi kodi ya nyumba ni ndogo. Nani atawalaumu? Mtu aliyelala njiani siku tatu hachagui sana. Lakini lipo jambo la tatu lisiloonekana siku ya kwanza wala ya pili, nalo ni hewa ya mahali penyewe. Kodi ya nyumba hulipwa kwa fedha. Hewa isiyochunguzwa hulipwa mara nyingi kwa mwili wa mtoto mdogo. Ndiyo sababu twaona yafaa kulizungumza hapa.

Ndugu msomaji, chukua kwanza ramani, au kama huna ramani, ichore nchi hii katika akili yako. Mstari wa Ikweta unapita si mbali kusini ya mji wa Butembo. Mtu wa Ulaya akisikia neno Ikweta hufikiri mara moja juu ya jasho na jua kali. Afike basi Butembo saa kumi na moja ya asubuhi katika mwezi wa Julai, bila triko, aone! Kumbe si Ikweta iletayo joto au baridi katika nchi yetu, bali ni kimo. Butembo umejengwa juu ya vilima, kwenye mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari. Beni uko chini, kwenye mita 1,100 hivi na kitu, ukingoni mwa msitu mkubwa na karibu na bonde la Semliki. Goma nao, kwa mita zake 1,500 hivi, uko katikati ya hiyo miwili. Kwa hiyo mtu wa Goma anayekwenda kaskazini hawezi kuikuta hewa yake aliyoizoea. Lazima apande au ashuke.

Wataalamu wa hewa wametupa kipimo chepesi, hata mwanafunzi wa darasa la sita aweza kukitumia: kila upandapo mita 100, joto hupungua zaidi kidogo ya nusu ya digri moja. Fanya hesabu mwenyewe. Kati ya Butembo na Beni kuna tofauti ya mita kama 600; basi tofauti ya joto ni digri 3 au 4. Umbali wa barabara ni kilomita 54 tu. Msafiri akishuka mteremko wa Kabasha huihisi tofauti hiyo kabla hajaisoma popote: atavua koti, migomba itaanza kujaa pande zote, kisha atayaona makakao na michikichi.

Je, digri 3 au 4 ni kitu? Kwa mtu mzima mwenye afya, ni jambo la blanketi tu. Lakini kwa mbu ni jambo kubwa sana.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo, maana jambo hili halina budi kuelezwa sawasawa. Zamani watu wa Italia waliita homa hii «mala aria», yaani hewa mbaya, kwa kuwa waliona kwamba watu wa mabondeni huugua na watu wa vilimani hawaugui sana. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akifanya kazi Uhindi, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na tangu hapo tukajua kwamba mwenye kosa ni mbu, si hewa. Lakini wale wazee wa Italia hawakukosea kabisa. Mbu anapomwuma mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku ile ile. Kijidudu lazima kikue kwanza ndani ya mwili wake, nacho hukua kwa nguvu ya joto. Hewa ikiwa na digri 25, siku 12 hivi zatosha. Ikiwa na digri 20, kijidudu chahitaji majuma manne. Kwenye digri 18 kingehitaji karibu siku 55, na ni mbu gani aishiye siku 55? Hufa kabla sumu yake haijaiva. Chini ya digri 16 kijidudu hakikui kabisa. Vilima vya Butembo viko karibu na mpaka huu wa baridi, na Beni uko karibu zaidi na ule wa joto. Hizo digri 3 au 4, basi, ndizo ziamuazo kama mbu wengi watafikia umri wa kuambukiza au la.

Mtu asidhani ya kuwa Butembo hakuna malaria. Iko. Huletwa na wasafiri wa biashara waendao nchi ya chini, tena husitawi mabondeni penye vidimbwi vya samaki na vinamasi, hasa miezi yenye joto. Lakini hatari kubwa kuliko zote ni nyingine, nayo wazazi wengi hawaijui. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Beni, Oicha au Mangina ameumwa na mbu tangu utotoni; kama ameokoka miaka yake ya kwanza, mwili wake umejifunza kupigana kidogo na homa hiyo. Mtoto wa Lubero au Butembo hana mafunzo hayo. Akishushwa Beni, homa ya kwanza humwangukia kama mgeni asiye na silaha. Hata baba yake aweza kuugua vibaya, ingawa ana miaka 40. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nijeria. Wengi wa wanaokufa ni watoto wasiotimiza miaka mitano, na mama wenye mimba nao wamo katika hatari kubwa.

Kwa hiyo jamaa itokayo nyanda za juu na kwenda Beni isinunue meza kabla ya chandarua. Vyandarua viwe vya kutosha vitanda vyote, tena vifungwe usiku wa kwanza, si baada ya mwezi. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku ile ile. Mazoea ya mlimani ya kusema «ni mafua tu, tungoje kesho» hayafai huko chini. Watu wa nchi yetu wanaujua vizuri mti wa kenkina, ambao maganda yake hutoa dawa ya kwinini, kwani umepandwa kwa miaka mingi katika vilima hivi vya Kivu. Ni ajabu yake kwamba mti huo wapenda baridi, mahali ambapo malaria ni haba, na dawa yake huliwa na watu wa bondeni. Siku hizi mahospitali hutoa kwanza dawa za namna nyingine kwa homa ya kawaida. Mzazi asimpimie mtoto dawa kwa kukisia, wala asinunue vidonge viwili vitatu sokoni.

Yaelekea baadhi ya wasomaji wamekwisha amua: Basi twende Butembo! Nasema, polepole. Baridi nayo ina ankara yake. Watoto wachanga huko juu huugua kifua, na kichomi huua kama malaria iuavyo. Mama atahitaji mablanketi, soksi na matriko, na kuni au makala zaidi kwa kupasha maji ya kuogea. Tena ipo desturi moja ya hatari, ya kuingiza mbabula yenye makala ya moto chumbani usiku, kisha kufunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Moshi wa makala yaliyokwisha kuwaka hauonekani wala haunuki, lakini ndani yake mna sumu, na watu hulala wasiamke. Mbabula na ibaki nje, au mlangoni pa wazi. Anayesikia baridi na aongeze nguo.

Wala kimo hakilindi na kila ugonjwa. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ilipiga Beni chini na ikapiga Butembo na Katwa juu, ikaua watu zaidi ya 2,200 kwa jumla. Haikuuliza mita.

Habari ya chakula nitaipitia haraka, kwa kuwa soko la kila mji hupokea vitu vya mji mwingine kila siku. Butembo utapata kwa bei nafuu viazi vya Ulaya, kabeji, vitunguu na maharagwe; Beni utapata makemba, mchele, mawese na mapapai. Mwenye kutaka kulima na afikiri juu ya miaka, si juu ya miezi. Kakao na michikichi humpendeza mtu wa Beni, lakini hazai mwaka wa kwanza wala wa pili, na mashamba mengi ya kakao yako mahali ambapo kwenda shambani ni kuhatarisha roho.

Sasa tuseme baba amekwisha chagua mji. Kazi haijaisha, bali ndiyo kwanza yaanza, maana ndani ya mji mmoja mna hewa nyingi.

Tuanze na Butembo. Mji huu ulianza kukua katika zamani za Wabelgiji, kampani ya kuchimba madini ilipoweka makao yake hapo, na tangu hapo umepanda kila kilima na kushuka kila bonde. Nyumba za bondeni, karibu na mto Kimemi na vijito vyake, huwa karibu na soko na barabara, na mgeni huzipenda kwa sababu hiyo. Lakini usiku hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kama maji na kulala bondeni. Asubuhi ukungu hukaa huko, kuta hunyonya unyevu, nguo hazikauki, na mvua kubwa ikija maji hubisha hodi. Kileleni nako pana upepo, na maji ni mbali. Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya mteremko, na kwa mteremko nina neno moja zaidi. Vitabu vya Ulaya humwambia mjenzi atafute upande wa kusini penye jua. Huku kwetu, karibu na Ikweta, shauri hilo halina maana, maana jua hukaa kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, likigawa sawa. Sisi tutazame mashariki na magharibi. Katika milima yetu mawingu hukusanyika alasiri na mvua hunyesha mara nyingi baada ya adhuhuri. Basi nyumba inayotazama mashariki hupata jua la asubuhi kabla mawingu hayajaja, na ile ya upande wa magharibi hungojea jua ambalo siku nyingi halifiki.

Zaidi ya jua, tazama maji. Mabomba ya Butembo hayamtoshi kila mtu, na watu wengi huchota katika chemchemi zilizojengewa, ambazo kwa kawaida ziko chini ya kilima. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40. Nani atayapandisha? Kwa kweli si baba. Ni msichana wa miaka kumi na miwili, asubuhi kabla ya shule, tena jioni. Sisi walimu twawajua wasichana hao. Ndio wanaofika wamechelewa, sketi zina matope, na macho yana usingizi saa ya hesabu. Kwa hiyo kabla ya kukubali nyumba, baba mwenyewe na ashuke mpaka chemchemi, achote, apande. Akifika juu akihema, atajua kama kodi ile ni rahisi au ghali.

Tazama pia ardhi. Mtu wa Goma amezoea mawe ya Nyiragongo, ambayo yachoma miguu na kukata viatu lakini hayatelezi wala kuondoka na mvua. Butembo ni udongo mwekundu. Mahali palipokatwa miti na kujengwa mabati mengi, maji ya paa na ya barabara hukusanyika na kuchimba korongo, na korongo likianza huongezeka kila majira ya mvua, likila ua, kisha jiko, kisha chumba. Kiwanja, au parseli kama watu wa mji wasemavyo, kikiwa rahisi mno karibu na korongo, bei yenyewe imekwisha kukueleza habari. Tafuta kama jirani wa juu ana mfereji wa maji, na ya kuwa mfereji huo hauelekei mlango wako.

Beni ni mambo mengine. Huko nchi ni tambarare zaidi. Shida si kupanda bali ni maji yasiyoondoka. Vidimbwi, mashimo ya matofali na mitaro iliyoziba ni shule za mbu, na nyumba iliyo mbali navyo hata hatua mia chache ni bora. Paa la bati lisilo na dari hugeuka tanuru saa saba ya mchana. Chagua nyumba yenye dari, madirisha mawili yanayotazamana, na mti wa kivuli uani. Madirisha yawe na wavu wa chuma mwembamba, maana mwenye kulala amefunga yote kwa kuogopa mbu hupata joto asilale, na mwenye kufungua yote hupata mbu.

Lakini huko Beni swali la kwanza kuliko hewa ni usalama, na kulificha ni kuwadanganya wasomaji. Mitaa ya pembezoni, inayopakana na mashamba na msitu, ndiyo iliyoumia zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 watu kwa makumi waliuawa Rwangoma, ambao ni mtaa wa mji, si kijiji cha mbali. Nyumba za pembezoni zina ua mkubwa, hewa safi na kodi ndogo. Hayo yote ni kweli, na bado nisingempeleka ndugu yangu huko. Heri chumba kimoja chenye joto katikati ya mji. Kwa kuwa hatari huhama kutoka upande huu hadi ule, mgeni asitegemee habari za mwaka jana. Amwulize shefu wa mtaa, kisha awaulize akina mama wauzao mboga: Je, nyinyi mwalala huku, au mwalala kwa ndugu mjini?

Maswali yaulizwe kabla ya garanti kutolewa. Komisioneri anayewaongoza wageni hulipwa nyumba ikichukuliwa, si nyumba ikifaa, nasi twajua mazungumzo yake.

«Mama, nyumba ni hii, vyumba vitatu, mabati mapya.»

«Asante, baba. Na maji tunachota wapi?»

«Maji si mbali, mama.»

«Twende basi, unionyeshe.»

Akisita, mama ameokoa fedha za miezi mitatu. Neno jingine: nyumba itazamwe mara mbili, mara moja asubuhi na mara moja saa ya mvua au mara baada yake. Nyumba iliyotazamwa adhuhuri ya jua husema uongo mwingi.

Wapo baba ambao kazi imewafunga Beni, lakini jamaa zao wangependa baridi ya Butembo, au wana ndugu huko. Baadhi yao wamegawa nyumba: baba chini katika chumba cha kupanga, mama na watoto juu. Kwa afya ya watoto wadogo shauri hilo laweza kufaa. Lakini lahitaji vyungu viwili, kodi mbili, nauli ya kilomita 54 kwenda na kurudi, na barabara ambayo si kila juma yapitika kwa amani. Tena baba aonekanaye Jumamosi tu hugeuka mgeni mezani pake. Naona lifae kwa mwaka mmoja, mpaka mtoto mchanga apate nguvu, lisiwe desturi. Jamaa yenye watoto wakubwa na ikae pamoja, hata kama ni Beni, ikilala chini ya vyandarua.

Shule ziko katika miji yote miwili, za kutosha. Mzazi asisahau tu kuchukua buletini za watoto, maana mkurugenzi asiye na buletini mkononi atamrudisha mtoto darasa la nyuma.

Yabaki habari ya wakati wa kuhama, kwa wale wenye nafasi ya kuuchagua. Mwaka wa shule hufungwa mwanzoni mwa Julai, na miezi ya Juni na Julai mvua hupungua, kisha hurudi kwa nguvu tangu Agosti mpaka Novemba. Atakayehama Julai atapata majuma kadhaa ya kuchimba mfereji kuzunguka nyumba, kuziba matundu ya paa, na kufunga wavu madirishani, kabla mvua ya kwanza haijaanguka. Lori la Julai hupita Kabasha likiwa na vumbi tu. La Oktoba laweza kulala njiani, magodoro yote yamelowa, na watoto juu yake.